Menengai hula betri kidogo kuliko Kano

Mwenye baiskeli ya umeme aliye Nakuru huitazama Menengai kwa wasiwasi, na aliye Kisumu huiona tambarare ya Kano kuwa ya bure. Hesabu inasema kinyume. Kupanda kutoka katikati ya Nakuru, mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, hadi ukingo wa kreta ulio mita 2,278, kisha kurudi, hula takriban wati-saa 210. Kutoka Kisumu hadi Ahero, ndani ya tambarare ya Kano, na kurudi, njia isiyo na kilima cha kutajika, huweza kula wati-saa 440. Betri ndogo ya volti 36 na ampea-saa 10 ina wati-saa 360. Betri hiyo hiyo inayokupeleka Menengai na kukurudisha ukiwa na akiba ndiyo itakayokuacha Nyamasaria jioni, kabla hujaingia Kisumu, ukisukuma kilo 25 za chuma huku malori yakikupita.

Kilima hurudisha sehemu kubwa ya ulichokikopesha pale unaposhuka. Upepo haurudishi kitu.

Tunazungumzia hapa matembezi ya polepole, kilomita 15 hadi 18 kwa saa, ya mtu anayesimama kutazama ndege, kuuliza njia na kunywa chai. Anayetaka kushindana na bodaboda atahitaji hesabu nyingine na betri nyingine.

Hesabu yenyewe

Zidisha volti kwa ampea-saa upate wati-saa: 36 kwa 13 ni 468, 48 kwa 15 ni 720. Usipangie safari wati-saa zote. Acha asilimia 15 hadi 20, kwa kuwa volti zikishuka kontrola, kifaa kinachoigawia mota umeme, hupunguza nguvu, na betri ya lithiamu inayokamuliwa hadi kuzimika kila wiki huzeeka kabla ya wakati wake.

Kwenye lami tambarare bila upepo, mtu anayekanyaga pedali kwa kiasi hutumia wati-saa 6 hadi 8 kwa kilomita. Changarawe laini huipandisha hadi 9 au 10. Ukikaa tu, ukazungusha mkono wa moto kama wa pikipiki na kukimbia kilomita 30 kwa saa, tegemea 14 au 15. Ndiyo maana watu wawili wenye baiskeli za aina moja hurudi na hadithi mbili tofauti kuhusu umbali.

Kwa kupanda, chukua uzito wote kwa kilo, yaani wewe, baiskeli, maji na mkoba, zidisha kwa mita za mwinuko, kisha gawanya kwa 275. Jibu ni wati-saa zitakazotoka kwenye betri ikiwa mota itafanya kazi yote ya kupandisha, na hasara ya mota ikiwa ndani yake. Kilo 100 kwa mita 430 za Menengai ni 156. Ongeza kilomita 8 za barabara kwa wati-saa 7 kila moja, unafika 212. Kurudi, betri haina kazi. Ukisaidia kwa miguu kwa bidii ya kawaida, ile 156 inaweza kushuka hadi karibu nusu.

Jaribu kanuni hiyo hiyo kwa Maseno ukitoka Kisumu. Ziwa Victoria liko mita 1,135 hivi, na Maseno, pale Ikweta inapopita, ni karibu mita 1,500. Tofauti ni 365, sawa na wati-saa 133, na karibu mwinuko wote unaanzia Kisian, njiani kuelekea huko. Kabla ya Kisian usijidanganye na vile betri inavyosoma vizuri.

Sasa upepo. Asubuhi Kisumu huwa shwari, au hewa hutoka nchi kavu kuelekea ziwani. Jua likishapasha ardhi, mambo hugeuka: upepo hutoka ziwani kuingia nchi kavu, na mchana hupata nguvu. Anayekwenda Ahero huondoka kwenye utulivu na kurudi akikabili upepo. Ukienda kilomita 18 kwa saa ndani ya upepo wa kilomita 14 kwa saa, hewa inakukuta kwa 32, na kani ya hewa hupanda kwa mraba wa kasi, kwa hiyo inazidi mara tatu. Kilomita 23 za kwenda kwa wati-saa 7, na 23 za kurudi kwa 12, ni hizo 440 tulizoanza nazo.

Dawa ni kuondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kuwa umerudi saa nne. Anayetaka kushinda huko hadi alasiri na aende na wati-saa 600, au akubali kurudi kilomita 12 kwa saa. Kupunguza kasi kwenye upepo huokoa zaidi kuliko kupunguza mzigo. Watu huacha chupa ya maji nyumbani ili wawe wepesi, halafu wanarudi mbio.

Kisumu: mafunjo, mpunga, miwa

Njia ya kuanzia kwa mgeni wa baiskeli hizi ni upande wa Dunga. Ni fupi, haifiki kilomita 20 kwenda na kurudi hata ukizurura, na betri yoyote inatosha. Kwenye kinamasi cha Dunga kuna ndege wasiopatikana ila penye mafunjo, na asubuhi ndipo wanaposikika. Weka msaada wa mota ngazi ya 1 kwenye vijia vyembamba, au uzime kabisa. Baiskeli nyingi za bei ya chini zina sensa inayohesabu tu mzunguko wa pedali, haipimi nguvu ya mguu. Ukiacha kukanyaga, mota huendelea kusukuma kwa nusu sekunde hivi, na ukigusa pedali kidogo tu inakurusha mbele. Kwenye kijia chenye maji pande zote mbili, hiyo nusu sekunde ni nyingi. Tekenya breki kidogo: swichi iliyo ndani ya mkono wa breki hukata mota papo hapo, kama baiskeli yako imewekewa. Ijaribu ukiwa nyumbani.

Viboko hutoka majini kula majani giza linapoingia na hurudi kabla ya mapambazuko. Usiwe kwenye kijia cha ufuoni saa hizo, taa iwe kali namna gani.

Kano ni mchezo mwingine. Mpunga wa Ahero hunyweshwa maji yanayopampwa kutoka mto Nyando, ule wa West Kano hutumia maji ya ziwa, na pembeni mwa mifereji kuna barabara za kazi zilizo tambarare kabisa. Waulize walioko shambani kabla ya kuingia, ni njia zao za kazi. Barabara kuu ya Ahero yenyewe hatuipendekezi kwa matembezi; malori ni mengi na ukingo wa lami umeliwa mahali pengi. Afadhali ushike ya Mamboleo kupitia Kibos na Miwani kuelekea Chemelil, miwa kulia na kushoto na miinuko ya Nandi ikikusindikiza upande wa kaskazini. Msimu wa kuvuna, trela za miwa huangusha vipande barabarani. Kipande kimoja cha muwa kikilala kwa urefu wa njia kinaweza kulilaza gurudumu la mbele, hivyo kivuke kwa pembe mraba ukiwa umelegeza mikono.

Udongo mweusi wa Kano unastahili aya yake. Ukiwa mkavu una nyufa, ukiwa na maji hunata kwenye tairi, hujaa kati ya tairi na madigadi, kisha gurudumu hukwama kabisa. Kosa la kawaida ni kuongeza moto ili baiskeli ijitoe. Mota ya gurudumuni iliyozuiwa kuzunguka hugeuza umeme wote kuwa joto, na zile zenye gia ndani huwa na meno ya nailoni yanayoweza kung'oka kwa pigo moja. Ukisikia mota inanguruma na gurudumu haliendi, achia mara moja. Shuka, toa tope kwa kijiti, sukuma hadi penye nyasi. Anayetembea Kano mwezi wa Aprili na aondoe madigadi yote kabla ya kutoka. Bora mgongo wenye madoa kuliko mota iliyokufa. Mvua ikinyesha usiku, siku hiyo baki kwenye lami.

Baiskeli hizi hazina sauti, na hapo ndipo heshima inapoanzia. Mama aliyebeba kuni hatakusikia mpaka uko mgongoni mwake. Piga kengele ukiwa mita 20 nyuma, punguza, salimu: oyawore upande wa Kano, mulembe ukifika Kakamega. Angalia pia ng'ombe aliyefungwa kando ya njia. Ng'ombe yuko kulia, majani mazuri yako kushoto, na kamba imelala katikati ya barabara kwenye vumbi la rangi yake. Anapoinua kichwa, kamba inainuka naye.

Menengai, kupanda na hasa kushuka

Kwa wastani mwinuko wa kilomita 8 hizo ni asilimia 5 na ushei, lakini umegawanyika vibaya, na sehemu za juu ni kali. Hapa betri haina shida. Shida ni joto la mota.

Mota ya gurudumuni hufanya kazi vizuri gurudumu likizunguka kwa kasi. Ikilazimishwa kupanda kwa kilomita 6 au 7 kwa saa, sehemu kubwa ya umeme hugeuka joto ndani ya koili. Weka gia nyepesi, kanyaga mizunguko 60 hadi 70 kwa dakika, na jitahidi usishuke chini ya kilomita 10 kwa saa. Ukiona huwezi, saidia zaidi kwa miguu. Usiongeze ngazi ya msaada. Simama kila baada ya dakika 10 za kupanda mfululizo na uguse habu, yaani kitovu cha gurudumu chenye mota. Kama huwezi kuweka kiganja kwa sekunde tatu, pumzika dakika 15. Joto la nje huchelewa kufika, kwa hiyo habu iliyo vuguvugu nje inaweza kuwa inaungua ndani.

Mota ya kati, ile iliyo kwenye pedali, haina tatizo hilo kwa sababu inatumia gia zako, na kwa vilima vya Nakuru ndiyo bora. Gharama yake utaiona kwenye cheni, inayobeba nguvu ya mguu na ya mota kwa pamoja. Usibadilishe gia mota ikiwa inavuta. Legeza mguu kwanza, badilisha, kisha kanyaga. Wasiofanya hivyo hukata cheni mahali pabaya kuliko pote, katikati ya mwinuko.

Huko juu utaona kreta ya kilomita za mraba 90 hivi, na mvuke upande ambako visima vya mvukejoto vimechimbwa tangu 2011. Ukingo hauna uzio kila mahali. Egesha baiskeli mbali na uilaze chini, maana upepo wa pale huangusha baiskeli iliyosimama kwa stendi.

Kisha kushuka. Nguvu uliyotumia kupanda haijapotea. Kilo 100 zikishuka mita 430 huachia wati-saa 117, na kiasi kisichochukuliwa na hewa huenda kwenye diski mbili zenye ukubwa wa sahani. Baiskeli chache tu, zile zenye mota isiyo na gia ndani, hurudisha kidogo kwenye betri. Nyingine zote hutegemea pedi. Usishike breki kwa kulegea muda wote. Shika zote mbili kwa nguvu sekunde mbili au tatu, punguza hadi 15, achia, iache iende hadi 25, kisha rudia. Katikati ya kila pigo diski hupata hewa. Ukisikia harufu ya kuungua au mkono wa breki unaingia ndani zaidi kuliko kawaida, simama dakika 10. Usimwage maji kwenye diski yenye moto, itapinda.

Pedi ziangaliwe nyumbani kabla ya safari: chini ya milimita 1 ya kilichobaki juu ya bati, badilisha. Pedi mpya zifundishwe kwanza kwenye barabara tambarare, mara 20 hivi kutoka kilomita 20 kwa saa hadi karibu kusimama, bila kufunga gurudumu. Breki za kebo hulegea zenyewe kadiri pedi zinavyolika, kwa hiyo kaza kirekebishio kabla ya kuanza kushuka. Kwa baiskeli nzito ya umeme breki za mafuta zinastahili bei yake.

Hell's Gate na Kakamega, kwa ufupi

Mbuga ya Ziwa Nakuru si ya baiskeli siku za kawaida, kuna simba, vifaru na nyati. Hell's Gate, upande wa Naivasha katika kaunti hiyo hiyo, ndiyo mbuga ambapo unaruhusiwa kuendesha baiskeli kati ya pundamilia na twiga. Ada hulipwa kwa eCitizen, hivyo lipa ukiwa bado na mtandao mzuri. Kutoka lango la Elsa kupita Fischer's Tower hadi korongo la Ol Njorowa na kurudi ni kama kilomita 16. Kwenda ni mteremko mwepesi, kurudi ndiko kuna kupanda, tena mchana jua likiwa kali, kwa hiyo usifurahie betri iliyojaa ukiwa korongoni. Vumbi la volkano ni laini na lina kina kirefu mahali pengine. Punguza hewa kwenye tairi kidogo na usigeuze usukani ghafla. Nyati wapo. Baiskeli isiyo na sauti humkaribia nyati kabla hajajua, na nyati hapendi kushtuliwa. Piga kengele mapema, na ukimwona karibu na barabara subiri gari likutangulie.

Kuhusu korongo: mafuriko ya ghafla yaliua watu pale 2012 na tena 2019. Mvua inaweza kunyesha mbali huku kwako jua likiwaka. Sikiliza askari wa mbuga, wakisema hapana ni hapana.

Msitu wa Kakamega hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na nyingi hushuka alasiri. Upande wa Isecheno, ulio chini ya shirika la misitu KFS, hufikiwa kutoka Khayega kupitia Shinyalu. Upande wa Buyangu uko chini ya shirika la wanyamapori KWS. Ingia saa moja asubuhi, toka saa saba. Chini ya miti mikubwa njia hukauka polepole, na mizizi yenye maji huteleza kama sabuni hata wakati njia yenyewe imekauka. Ivuke mizizi moja kwa moja, msaada ukiwa umezimwa. Mchukue mwongozaji, njia zinafanana, na yeye ndiye atakayekuonyesha mbega uliyempita bila kumwona.

Mvua yenyewe haiui baiskeli ya umeme. Kinachoiua ni maji yanayopenya kwenye plagi. Waya unaoelekea kwenye plagi upinde kwanza ushuke chini kisha upande, ili tone lidondoke kabla ya kufika. Skrini ifunikwe. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, lakini kofia ya plastiki ya saluni inatosha kabisa, ina hata lastiki. Kwenye kijito, maji yakifika kwenye ekseli, beba baiskeli au rudi. Na usiipeleke kwa vijana wa kuosha magari wenye mashine ya presha: maji yale husukuma grisi nje ya beringi na kuingia kwenye mota. Kitambaa na ndoo vinatosha.

Pancha ya gurudumu la nyuma

Hii ndiyo inayowashinda watu, kwa sababu fundi wa kijijini anayeziba pancha za kawaida akifumba macho husita akiona waya. Mara nyingi huna haja ya kutoa gurudumu. Zima, chomoa betri, laza baiskeli upande usio na gia. Zungusha tairi polepole ukitafuta mwiba. Ukiupata, toa ukingo mmoja tu wa tairi mahali hapo, vuta nje sehemu ndogo ya tyubu, kwangua kwa msasa, paka solushen, subiri dakika 5 hadi isinate kidoleni, bandika kiraka na ukandamize. Kabla ya kurudisha, pitisha kitambaa ndani ya tairi. Kikikwama, kuna mwiba wa pili. Kwenye njia za migunga karibu kila mara kuna wa pili.

Kama ni lazima litoke, tafuta plagi ya mota, kwa kawaida kwenye mhimili wa chini wa fremu, sentimita 20 hivi kutoka kwenye ekseli. Ivute moja kwa moja bila kuizungusha. Ndani kuna pini nyembamba zinazopinda. Kata tai za plastiki zinazoshika waya. Weka gia ndogo kabisa. Nati nyingi ni za spana ya 18, chache za 19. Piga picha kwa simu kabla ya kulegeza, upande wa kushoto na wa kulia, kwa sababu mpangilio wa washa ndio siri ya kazi yote: ile yenye jino huingia kwenye mwanya wa fremu kuizuia ekseli isijizungushe.

Wakati wa kurudisha, hakikisha bapa za ekseli zimekaa hadi mwisho wa mwanya na waya unatokea ukielekea chini. Kaza hadi nyutonimita 40 hivi. Huna kipimo? Kwa spana ya sentimita 20, ni sawa na kuning'iniza kilo 20 kwenye ncha yake. Nati iliyolegea huiacha ekseli izunguke mota inapovuta, na ekseli ikizunguka hata nusu duru hukata waya wake yenyewe. Hapo safari imeisha na mota pia. Plagi isukume hadi mstari wake ufikie ukingo. Ikiingia nusu, mota hutetemeka na kugoma, na watu hudhani imeungua. Weka tai mpya mbili au tatu. Zibebe mkobani pamoja na spana.

Kinga ni rahisi kuliko tiba. Mkanda wa kinga ndani ya tairi, na mililita 60 hadi 100 za dawa ya kuziba ndani ya tyubu, hupunguza pancha za miiba sana. Tairi la upana wa inchi 2.1 lililobeba kilo 100 lipewe psi 35 hadi 40 kwenye changarawe. Chini ya 30, jiwe hubana tyubu dhidi ya rimu na kuacha matundu mawili sambamba. Matairi manene ya inchi 4 yanataka 12 hadi 20 tu. Mashine ya hewa ya kituo cha petroli huijaza baiskeli kwa sekunde chache, kwa hiyo bonyeza kidogo kidogo. Spoki za gurudumu lenye mota zikazwe tena baada ya kilomita 150 za kwanza. Ukipuuza, ya kwanza itakatika, na zinazofuata hazitachelewa.

Betri: kununua, kuchaji, kubeba

Betri za kuungwa upya zimejaa sokoni. Mizani ndiyo shahidi. Ya volti 36 na ampea-saa 13 huwa na seli 50 za kawaida, zenye kilo 2.3 peke yake, na ganda likiongezwa hukaribia 3. Anayekuuzia ampea-saa 20 iliyo na kilo 2.5 anakuuzia stika.

Skrini ya vijiti vitano haisemi ukweli ukiwa unapanda, kwa kuwa volti huzama mota ikivuta. Simama dakika moja ndipo usome. Kwa betri ya volti 36, imejaa ikiwa 42; ikiwa 37 umebakiwa na karibu nusu; 36 ni robo; 35 ni wakati wa kukanyaga na kuomba njia iwe tambarare.

Usipange safari ukitegemea kuchaji wakati wa chakula. Chaja ya kawaida ya ampea 2 huingiza wati-saa 75 hivi kwa saa nzima. Hata ukae saa mbili ukimngoja samaki pale ufuoni, umepata kama kilomita 20 za utulivu, au 12 za upepo. Kuchaji usiku ndiko kuchaji. Betri ya wati-saa 468 huchukua kama yuniti 0.55 ya stima; yuniti ikiwa shilingi 30, ni shilingi 17 hivi. Stima ikipotea, chomoa chaja hadi irudi na itulie dakika chache, maana umeme ukirudi kwa kishindo ndio unaounguza chaja. Betri iliyotoka juani ipoe nusu saa kwanza. Chaji mahali pasipo na godoro wala pazia, na usiichaji ikiwa imewahi kuanguka na kubonyea.

Kwenye matatu, toa betri na uishike mwenyewe. Isipande karia kwenye jua na mvua. Pedali hutolewa kwa spana ya 15, na ya kushoto hufunguka kinyume cha kawaida, kwa kuzungusha kama mshale wa saa. Laza baiskeli gia zikiwa juu. Weka kipande cha kadibodi kati ya pedi za breki za mafuta gurudumu likitolewa, kwani mtu akibonyeza mkono wa breki pedi zitakutana na hutaweza kulirudisha. Kwa ndege usijaribu: betri inayozidi wati-saa 160 hairuhusiwi kwenye ndege ya abiria, na hakuna betri ya baiskeli ya kawaida iliyo chini ya hapo. Anayetoka Nairobi kuja Kisumu kwa ndege atume betri kwa barabara, au akodi baiskeli huku.

Na kama hutatoka tena kwa wiki tatu, usiiache imejaa. Iweke kwenye volti 37 hadi 38, chumbani penye baridi, mbali na bati la paa.